Ukurasa wa Kumi na Moja

Shangazi alipoanza kusoma ukurasa wa kumi na moja, Baba alijua kwamba anakufa. Daktari alikuwa bado hajamwambia. Alikuwa ameniambia mimi, koridoni mwa hospitali, siku tulipomrudisha Baba nyumbani, akitazama saa yake: wiki mbili, pengine tatu.

Kijitabu cha Shangazi ni kazi ya Kamati ya Wagonjwa ya kanisa lao, ambayo yeye ni mwenyekiti wake kwa mwaka wa kumi na tisa. Kina mistari ya Biblia iliyopangwa kwa maradhi. Wenye presha wako ukurasa wa tatu, wenye kisukari wa nne, waliovunjika mifupa wako wa sita pamoja na waliofukuzwa kazi, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo. Mpaka ukurasa wa kumi, mgonjwa anapona. Wa kumi na moja una zaburi ya mchungaji na kondoo, ahadi ya makao mengi mbinguni, na chini kabisa nafasi wazi ya kuandika namba ya simu ya seremala.

Baba alisikiliza mistari miwili akiwa amefumba macho.

“Umeruka kurasa, Dada,” alisema.

Shangazi akajibu kwamba kurasa zote ni neno la Mungu.

“Sikatai. Nilitaka tu kujua nimefika wapi.”

Baba alikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na nane. Mtaani walimwita Mzee Nukta, kwa sababu ukimwambia kiwanja chako kina upana wa mita ishirini, angekuuliza ishirini nukta ngapi. Kanisani walimwita hivyo hivyo, ila bila kucheka. Walipokuwa wanajenga ukuta wa kanisa walimwomba apime, akakuta msingi umeingia kwa jirani kwa mita moja nukta nne. Wazee wa kanisa wakamsihi aliangalie jambo hilo kwa jicho la imani. Akawajibu kwamba jicho la imani halisomi futi, kisha akawakumbusha kuwa Torati inamlaani mtu anayesogeza mpaka wa jirani yake. Ukuta ulibaki ulipo na Baba hakualikwa tena kwenye vikao. Ibadani aliendelea kwenda kila Jumapili. Alikaa upande wa ule ukuta.

Mimi siendi. Ninapima maji kwenye maabara ya idara ya maji, na sijawahi kuona tone lililosafishika kwa kuimbiwa. Shangazi ananiita Msomi, na si kwa kunisifu. Ndiyo maana nilidhani dawa imempanda Baba kichwani aliponiomba nimsomee Biblia.

Macho yake yalikuwa yamebaki na kazi moja, kutofautisha dirisha na mlango. Alitaka Ezekieli, kuanzia sura ya arobaini hadi ya arobaini na nane, mpaka neno la mwisho, bila maelezo ya mtu. Alikuwa ameisoma mara moja, ujanani, kambini kwenye kazi ya kupima, na hakukumbuka hesabu zake ziliishaje. Alitaka kujua kabla hajaondoka.

Nikaitafuta. Nabii yuko uhamishoni, mji wao umebomolewa. Anachukuliwa katika maono mpaka juu ya mlima, na huko anamkuta mtu amesimama langoni, mkononi ana kamba ya kitani na mwanzi wa kupimia. Mtu huyo anamwambia atazame na asikilize vizuri, halafu anaanza kazi. Anapima ukuta, kizingiti, vyumba vya walinzi. Mwanzi wake una dhiraa sita, na kila dhiraa ni dhiraa ya kawaida ukiongeza upana wa kiganja.

“Umeona? Ametaja kipimo chake kabla hajapima,” Baba alisema. “Nimefanya kazi na wahandisi wasioweza hilo.”

Nilimuuliza anapata faraja gani katika vizingiti.

“Wote wanaoingia humu wananiambia huko niendako ni kuzuri. Sawa. Waulize kuna upana gani, uone watakavyotazamana. Huyu amekwenda na kamba.”

Sura hizo tisa zina mistari mia mbili na sitini. Kwa mwendo wetu, akinisimamisha kila mara nirudie tarakimu, tulimaliza mistari ishirini kwa nusu saa. Kwa hiyo tulihitaji nusu saa kumi na tatu. Baba alikuwa akikaa macho, akili ikiwa timamu, dakika kama sabini kwa siku, na dakika hizo zilikuwa zinapungua. Hesabu ilitosha, mradi asitokee mtu wa kuzitafuna.

Kamati ya Wagonjwa ilizitafuna. Walikuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, watu sita hadi tisa, wakavua viatu, wakakizunguka kitanda kama wanunuzi mnadani. Nyuma ya karatasi ya joto la mwili nilianza kuandika muda. Ziara ya Jumatano ya kwanza: nyimbo, dakika kumi na nne. Ushuhuda wa Shangazi kuhusu goti lake, dakika kumi na tisa. Maombi, ishirini na mbili. Maandiko Matakatifu, dakika moja na sekunde arobaini. Walipotoka, Baba alikuwa amelala, na siku hiyo hatukusoma hata mstari mmoja.

Nikamweleza Shangazi, kwa adabu zote, kwamba kaka yake anaomba Ezekieli. Akanitazama kama niliyemwambia mgonjwa anaomba sigara.

“Ezekieli si ya wagonjwa, mwanangu. Ile ni ya wenye nguvu zao.”

Akampeleka mashtaka kwa Mchungaji, na Mchungaji akaja mwenyewe siku ya pili. Ni mtu mpole, mwenye mikono laini, na hajawahi kukutana na neno akaliacha limaanishe linachosema. Baada ya kusikia tulipofika, alitueleza kwamba lango lile lina upana wa dhiraa kumi kwa sababu ndizo amri kumi.

“Na urefu wake?” Baba akauliza. “Ni dhiraa kumi na tatu.”

Mchungaji akafikiri kidogo. Akasema hao ni mitume kumi na wawili na Paulo.

Baba alicheka mpaka nikamshika mabega asianguke upande. Mchungaji, aliyeona kicheko hicho ni dalili, akamwuliza taratibu kama hapendi kumaliza lile jambo la zamani la ukuta, ili aende na moyo mweupe. Baba alifuta machozi akasema moyo wake ni mweupe, kilichoingia kwa watu ni ukuta. Mchungaji akaomba kwa kifupi na kuondoka. Jioni hiyo Shangazi alitangaza kwa simu kwamba kaka yake yumo vitani na adui wa roho, na kuanzia kesho kamati itakuja kila siku, saa tisa alasiri, bila kukosa.

Nilipompa Baba habari hiyo, aliniuliza tumefika sura ya ngapi. Tulikuwa tumefika sura ya arobaini na mbili.

“Dawa inanilaza baada ya muda gani?”

“Nusu saa.”

“Basi ya mchana nipe saa nane na nusu.”

Muuguzi aliyekuja kumhudumia nyumbani alisema ratiba inaruhusu. Tangu siku hiyo kamati ilihubiria shuka na mto. Baba alilala fofofo, uso umetulia, na walipofika mahali pa kusema amina, mara nyingine alikoroma. Shangazi alitoka chumbani macho yakimeremeta. Alinishika mkono akasema, “Anapokea, mwanangu. Sasa anapokea.” Kamati iliandika kwenye taarifa yake kwamba mgonjwa amelainika.

Dawa ya asubuhi ndiyo iliyokuwa na bei. Ili awe macho saa nne, aliichelewesha kwa saa nzima, na saa hiyo alibaki peke yake na maumivu. Nilimsomea vipimo vya madhabahu huku akikunja ncha ya shuka kiganjani na kuikunjua. Nilimwambia tunaweza kuruka sura ya kazi za makuhani, haina vipimo vingi. Akasema mpima haruki kona kwa sababu ina miiba. Hatukuruka. Tukapita mto ule unaotoka chini ya kizingiti, unaopimwa kila dhiraa elfu moja, maji ya vifundo, ya magoti, ya kiuno, mpaka pasipovukika. Tukaingia kwenye mgawanyo wa nchi. Dakika zake za kuwa macho zilikuwa arobaini, halafu ishirini na tano, halafu kumi na mbili.

Siku ya kumi na saba tulibakiza mistari sita ya sura ya mwisho. Nilikuwa nimefungua ukurasa wakati mlango ulipogongwa. Mjumbe mmoja wa kamati alikuwa na arusi ya mwanawe alasiri, kwa hiyo ziara ilikuwa imeletwa asubuhi, na hakuna aliyeona haja ya kutuarifu. Waliingia wanane. Shangazi alimkuta kaka yake macho kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi, ameshika shuka, jasho kwenye paji la uso, na mimi nina Biblia mkononi. Si mjinga. Alitazama chupa ya dawa mezani, akatazama saa ya ukutani, na nikaona hesabu ikimwingia.

Wenzake walikwishaanza wimbo. Aliinua mkono wakanyamaza.

“Kwa hiyo mchana ulikuwa unalala,” alisema.

“Nilikuwa nalala, Dada,” Baba akasema. Sauti ilikuwa imekwisha. “Kaa. Imebaki mistari sita. Soma wewe, una sauti.”

Nilitazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika tano za Baba kuwa macho, labda nne. Shangazi angeweza kuzimaliza zote kwa kusafisha koo tu, na nimeshuhudia akifanya hivyo. Alichukua Biblia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akavaa miwani. Akasoma. Upande wa kaskazini wa mji, elfu nne na mia tano, malango matatu. Akatua, kama anavyotua kila anapotaka kuhubiri, akakuta hapana pa kuingilia. Akaendelea. Mashariki, elfu nne na mia tano, malango matatu. Kusini hivyo hivyo. Magharibi hivyo hivyo. Kisha jumla ya kuuzunguka mji, elfu kumi na nane, na jina la mji, linalosema kwamba Mungu yupo hapo.

“Jumlisha,” Baba aliniambia.

“Elfu nne na mia tano mara nne. Elfu kumi na nane.”

“Tofauti?”

“Hakuna.”

“Mpaka umekutana,” alisema, kama alivyokuwa akisema kila alipomaliza kiwanja, akizunguka na kurudi kwenye jiwe alilolianzia. Akaachia shuka. “Haya, nipe dawa.”

Alifariki baada ya siku mbili. Neno lake la mwisho lilikuwa “maji”, nami nilimlowesha midomo.

Msibani Shangazi alisimama mbele ya watu mia mbili akasema kaka yake aliondoka na zaburi ya mchungaji mdomoni, yote, kuanzia mwanzo. Mchungaji akaongeza habari ya milango ambayo mwanadamu hawezi kuipima. Nilitazama viatu vyangu.

Makaburini jeneza halikuingia. Kamati ya mazishi ilikuwa imekadiria shimo kwa macho, kwa jicho la imani pengine, na Mzee Nukta akabaki ananing'inia kwenye kamba juu ya kaburi lake. Wakamrudisha pembeni. Nilikuwa na futi yake mkobani. Nikapima jeneza, nikapima shimo, nikawaambia wachimbaji: sentimita kumi na mbili kichwani. Wakashuka na majembe.

Watu waliimba nyimbo zote walizozijua. Ukurasa wa kumi na moja ulisomwa mara mbili, na majembe yalikuwa bado yanagonga mawe. Shangazi akakifunga kijitabu. Akanisogelea mpaka bega lake likagusa langu.

“Magharibi yalikuwa malango mangapi?” aliuliza kwa sauti ya chini.

“Matatu.”

“Kama kwingine kote?”

“Kama kwingine kote, Shangazi.”

Alitikisa kichwa kukubali, akatazama shimoni.

“Shuka upime tena,” alisema. “Hawa hawajui kazi.”