Kura ya Mama wa Mtaalamu

Hakuna benchi gumu kama lile unalokalia huku mwanao akiomba pesa za wenzako.

Tulijazana kwenye bwalo la kiwanda, washonaji wote, mashine zimezimwa. Mbele alisimama mwanangu wa kwanza, suti ya kijivu, akitueleza kwa nini mfuko wetu wa pensheni ukabidhiwe kampuni yake iuzalishe. Alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Hata Kidevu, msimamizi wetu asiyecheka, alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Kilichonitoa jasho ni macho. Watu hawakumtazama yeye, walinitazama mimi. Shoga yangu wa mashine ya vifungo, aliyevimba miguu na anayestaafu mwakani, aliniinamia.

"Wewe ndiye uliyemzaa. Ukinyoosha mkono, nami nanyoosha. Sina pengine pa kuegemea."

Basi uzee wa watu wote wale ukapakatwa mapajani mwangu kama mtoto wa jirani.

Mwanangu si mwizi, niapisheni popote. Lakini namjua. Alipokuwa mdogo, paa letu lilivuja juu ya kabati la nguo. Kila nikirudi kazini nikiuliza habari za nyumbani, ananijibu, "Salama, Mama." Kumbe anapangusa maji kimyakimya, eti nisihuzunike, nimechoka. Nilipokuja kulifungua kabati, nguo zilikuwa zimeoza. Zilioza kwa huruma yake.

Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi aliuliza kama kuna swali kabla ya kura. Nikasimama.

"Mwanangu," nikasema, watu wakacheka kidogo. "Siku pesa yetu ikipungua, utatuambia lini?"

"Haitapungua, Mama. Tuna wataalamu."

"Sikuuliza hivyo. Umesema mwenyewe soko hupanda na kushuka. Likishuka je?"

Akatabasamu. Tabasamu lile lile la kabati.

"Msiwe na wasiwasi. Hilo niachieni mimi."

Nikakaa. Mwenyekiti akataka wanaokubali wanyooshe mikono. Mkono wa shoga yangu ulifika nusu, ukaungoja wangu. Wangu niliubana katikati ya magoti. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na dakika ile nilitamani awe amezaliwa na mwingine yeyote mle bwaloni. Mkono wa shoga yangu ukashuka. Na mingine ikashuka, benchi kwa benchi.

Mwanangu alinikuta stoo ya vitambaa, navua aproni.

"Umeniaibisha, Mama. Wewe wa kunifanyia hivi? Ningekuwa mtoto wa mtu mwingine ungenipa kura."

"Labda. Sasa tuko wawili, nijibu. Ungetuambia lini?"

Alikaa juu ya robota, akalegeza tai. Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Kuna wasafishaji wa hospitali kuu," akasema mwishowe. "Mfuko wao tunautunza sisi. Umepungua tangu mwanzo wa mwaka. Umepungua sana."

"Wanajua?"

"Nangoja urudi kwanza. Niwatie hofu ya nini? Ni watu wazima, Mama. Wamechoka."

"Na wanaostaafu mwaka huu je? Nao wangoje?"

Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kumkumbatia, vyote kwa mkono ule ule niliokataa kuunyoosha.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia. "Mimi ulinifichia nguo tu. Hao unawafichia uzee."

"Watanifukuza kazi."

"Huenda."

Nikamwinua, nikaikaza tai yake vizuri, kama nilivyokuwa nikimfunga vifungo vya shati la shule. Nje kengele ya kutoka ilikuwa inalia.

"Saa hizi wanabadilishana zamu hospitalini, utawapata wengi pamoja," nikasema. "Twende. Nakusindikiza."