Futi Tisa za Kitabu Changu

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Marehemu mke wangu Verlene alikuwa akisema kwamba muuza mayai akinitabasamia tu, nitayahesabu mayai upya. Basi yule mwanamke wa boti la kunyonya tope alipotia mguu mjini kwetu Pruitt mwezi wa Septemba, akaniita kwa jina kabla sijamtajia jina, nilijisemea moyoni: huyu ana lake jambo.

Aliitwa Nanette Broussard, mtu wa Louisiana, miaka arobaini na kitu, buti za mpira hadi magotini. Baraza la mji lilimwita asafishe upande wa juu wa bwawa letu, pale mto unapoingia, maana udongo wa mashamba ya mahindi ulikuwa umejaa hata korongo wanasimama katikati ya maji bila kulowa magoti. Hapo sikuwa na neno. Tope lile kila mtu aliliona.

Lakini wiki ya sita, badala ya kufunga virago, alisimama mbele ya baraza akasema amepima pia kwenye mdomo wa bomba la mji, chini ya ukuta, maji yetu ya kunywa yanakovutwa. Eti kuna futi tano tu za maji. Eti tope limebakiza kidogo lifunike bomba, na kiangazi kikali kikija tena mji mzima utakunywa matope. Akaomba wiki tatu zaidi kabla barafu haijafunga bwawa.

Kitabu changu kilisema tisa.

Na kitabu hicho msikidharau. Nilikuwa mtunza bwawa miaka thelathini na moja, na nilipostaafu, kazi ya kupima kina waliniachia. Kila Oktoba natoka na mashua yangu, ufito wangu na penseli yangu, napima kina na kukiandika humo. Miaka sita iliyopita, katika kile kiangazi kibaya, mabomba ya mji yalipotoa maji ya rangi ya chai, aliyekuwa zamu kwenye mtambo wa maji ni shemeji yangu, Orrin Tackett. Orrin akasema bomba linavuta tope kwa sababu bwawa limejaa udongo. Baraza likaniita. Nikafungua kitabu, futi tisa. Wakasema basi Orrin alizembea, hakusafisha vyujio, na wengine wakaongezea kwamba alikuwa amelewa. Wakamfukuza kazi. Siku hizi anafagia vumbi kwenye maghala ya mahindi, mtu niliyebeba naye jeneza la Verlene bega kwa bega.

Kwa hiyo mnaona jambo lilipo. Yule mwanamke akiwa mkweli, kitabu changu ni cha uongo, na shemeji yangu alifukuzwa bure kwa mdomo wangu. Hilo sikuwa tayari kulimeza. Ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba Nanette Broussard ni tapeli anayejitafutia kazi mahali pasipo na kazi.

Kura ilipangwa Ijumaa jioni. Meya akanipigia simu Jumapili.

"Eldred, wewe ndiye unayelijua hilo bwawa. Ukituambia ni tisa, tunamwambia akusanye mabomba yake aende kwao."

"Nipe hizi siku," nikamjibu. "Nitamshika."

Jumatatu nikaegesha pikapu juu ya ukuta wa bwawa, chupa ya kahawa pembeni, darubini machoni. Boti lake lina kichwa chenye meno kinachozunguka chini ya maji. Kinakoroga tope, pampu inalinyonya, na bomba refu linaloelea linalisukuma hadi kwenye shamba moja kuukuu walilolizungushia kingo za udongo, ili tope litulie na maji yarudi bwawani. Nikaenda hadi kule bomba linakotema. Saa nne asubuhi lilitema uji mweusi unaonuka. Saa sita kasorobo likaanza kutema maji meupe. Nikatazama saa yangu. Dakika kumi nzima, maji matupu. Nikaandika.

Jumanne ikawa vilevile. Penye moshi hapakosi moto, nikajiambia, huyu anatusukumia maji tu na kutuambia ni kazi. Jumatano nikamkuta mwenyewe pale, amekaa nyuma ya gari lake anakula mkate wenye siagi ya karanga.

"Mzee Eldred," akasema, "hiyo darubini haikuumizi shingo?"

"Kinachoniumiza ni kuona maji safi yanasukumwa kwa mafuta ya mji."

Akacheka na mkate mdomoni. "Unasema yale ya kabla ya chakula cha mchana? Tunasuuza bomba. Ukizima mashine bomba likiwa limejaa tope, linalala humo humo linakuwa gumu, na mchana kutwa unashinda unaligonga nyundo. Hata sufuria ya uji huiachi hivi hivi, mzee wangu."

Jibu lilikuwa tayari mno. Mimi mtu akinijibu haraka namna hiyo namwogopa.

"Na siku ya kwanza jina langu ulilijulia wapi?"

"Limeandikwa ubavuni mwa mashua yako. Kwa herufi kubwa."

Nikaondoka bila kuaga. Kweli limeandikwa, niliandika mwenyewe, lakini hilo halikunifanya nimpende.

Alhamisi asubuhi nilikutana na Orrin kwenye mkahawa wa mtaa mkuu, amesimama kaunta anasubiri kahawa yake, nywele zimejaa vumbi la mahindi.

"Habari za asubuhi, bwana Haussmann," akasema.

Miaka sita ananiita hivyo. Zamani alikuwa akiniita shemeji hata kanisani, mbele ya mchungaji, kwa sauti ya kuamsha waliosinzia. Kila akiniita bwana Haussmann inaniuma, lakini nilishajizoesha kuitikia.

"Nzuri, Orrin."

"Nasikia yule mama amepima tano."

"Amepima anachokitaka yeye."

"Hm," akasema. Akachukua kahawa yake akatoka. Ile "hm" nilishinda nayo kutwa. Hata yeye nilimshuku, nikawaza labda wamekula njama pamoja, yeye na yule mwanamke, wanichafulie jina.

Nikaenda kuutoa ufito wangu bandani. Ni wa mti mgumu, futi kumi na sita, alama nilizichonga mwenyewe. Zamani mwisho wake ulikuwa na kikaango, kikaango chepesi cha alumini cha Verlene. Alinipa akisema afadhali kipime tope kuliko kuendelea kuniunguzia mayai. Nilikifunga kwa bolti mbili, kikazama naye akicheka ukingoni. Alipofariki, miaka kumi na moja sasa, nilikifungua, nikakisugua mpaka kikang'aa, nikakitundika jikoni juu ya jiko. Sikuweza kukitumbukiza tena matopeni. Na ufito, nilifikiri, ni ufito tu.

Ijumaa asubuhi nikamfuata Nanette. "Leo tunapima pamoja. Mashua yangu, ufito wangu, macho yangu."

"Na ufito wangu pia," akasema. "Au unaogopa?"

Baridi ilikuwa inakata masikio. Nikapiga makasia hadi chini ya ukuta, pale boya jekundu linapoonyesha mdomo wa bomba. Akaushusha ufito wake kwanza. Mwisho wake ulikuwa na sahani ya chuma, pana kama sahani ya chakula cha jioni. Ukatua taratibu.

"Tano na robo," akasema. "Njoo uone mwenyewe."

Nikaangalia. Ilikuwa tano na robo. Nikatafuta ujanja kwenye alama zake, nikazipima kwa futi kamba niliyoibeba mfukoni makusudi. Zilikuwa sawa. Nikauchukua wangu nikaudidimiza palepale. Ukashuka, ukashuka, ukagonga.

"Tisa," nikasema, na nakiri nilitabasamu. "Haya, niambie. Nani mwongo humu mashuani?"

Hakukasirika, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko kama angekasirika.

"Rudia, mzee. Lakini safari hii ushike kwa vidole viwili tu. Ukifika tano, uniambie unasikia nini."

Nikarudia ili nimuaibishe. Ufito ukashuka kwenye maji wenyewe. Ulipofika tano nikasikia ukisita kidogo sana, kama kijiko kinapotoka kwenye maziwa kuingia kwenye uji. Kisha ukaendelea kushuka, polepole, kwa uzito wake tu, hadi tisa. Nikaupandisha, nikaushusha tena. Pale pale, tano, ukasita.

Nanette alikuwa ameinama anaangalia mwisho wa ufito wangu nilipoutoa majini.

"Haya matundu mawili ni ya nini? Hapa palikuwa na kitu."

Nikayafunika matundu kwa kiganja.

"Kikaango," nikasema.

"Kiko wapi?"

"Jikoni kwangu."

Angeweza kunicheka, hakunicheka. Alijifuta mikono kwenye suruali. "Bila kitu kipana, ufito unatoboa tope laini mpaka unafika kwenye sakafu ya zamani. Miaka yote hiyo umekuwa ukipima bwawa la siku lilipojengwa, mzee."

Nyani haoni kundule. Siku nne namwinda mwongo kwa darubini, kumbe mwongo ni mimi niliyeishika. Miaka kumi na moja nimeandika tisa, tisa, tisa. Na katikati ya hizo tisa alikuwepo Orrin, amesimama mbele ya baraza amevua kofia, anasema bwawa limejaa, na mimi nikisema kitabu hakisemi uongo. Niliona aibu mpaka nikashindwa kushika kasia, ikabidi Nanette aturudishe ufukoni.

"Jioni utasema nini?" akaniuliza tulipofika. "Maana ni neno lako na langu, na hawa watu watachukua lako. Nalijua hilo. Ndiyo maana nakuuliza."

Nisiwafiche, wazo lilinipitia. Hakuna mwingine aliyeona. Ningesema tisa, angeondoka zake Louisiana, nami ningezikwa na jina langu safi. Nikaifunga mashua, nikapanda pikapu.

Nilienda nyumbani nikasimama mbele ya jiko muda mrefu. Halafu nikakitungua kikaango, nikaendesha hadi kwa Orrin. Nilimkuta mlangoni anakwangua matope kwenye viatu. Akakitazama kile kikaango kabla hajanitazama mimi.

"Hicho ni cha dada," akasema.

"Kilikuwa kwenye ufito, Orrin. Nilikitoa alipo..."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ule mwaka waliponiita mlevi. Nililala nikifikiria, mbona kitabu kinasema tisa na mimi nasukuma tope? Asubuhi nikakumbuka kikaango. Nikaja kwako kukuambia. Nikachungulia dirishani, nikakuta umekaa mezani peke yako, umekipakata, unakipangusa kwa kitambaa." Akaacha kukwangua viatu. "Nikarudi nyumbani."

"Ungeniambia tu."

"Ungeniamini?"

Nilifikiri, maana swali kama lile huwezi kulijibu kwa uongo umesimama na kikaango cha dada yake mkononi.

"Nisingekuamini," nikasema. "Ningesema unatafuta njia ya kurudi kazini."

"Basi."

Machozi yakanitoka pale pale, mtu mzima wa miaka sabini na moja. Nikamwomba msamaha. Orrin akaingia ndani akarudi amevaa koti.

"Usinililie mimi hapa mlangoni," akasema. "Kaseme kule walikonifukuza."

Ukumbi wa baraza ulikuwa umejaa jioni ile. Nanette alikaa mstari wa mbele na buti zake, Orrin akasimama nyuma kabisa. Meya akanikonyeza, kana kwamba mambo yameisha.

"Haya, Eldred. Kitabu kinasemaje?"

Nikakiweka kikaango juu ya meza yao. "Kitabu kinasema tisa. Ukweli ni tano. Kina makosa tangu nilipokitoa hiki kwenye ufito, miaka kumi na moja. Mwaka ule Orrin alipowaambia bwawa limejaa, alisema kweli. Hakulewa, hakuzembea. Mimi ndiye niliyemfukuzisha kazi."

Meya akakohoa, akaita kura, na mikono yote ikanyooka kumpa Nanette wiki zake tatu. Kuhusu Orrin, meya alisema watalijadili suala lake mwezi ujao. Hakuna aliyemtazama usoni.

Nje, Orrin alikuwa ananisubiri karibu na pikapu. Akanipokonya kikaango, akayatazama matundu yake mawili ya bolti, akapitisha kidole.

"Una spana humo?"

"Ninayo."

"Kesho asubuhi tunapima bwawa zima upya. Wewe utashika penseli. Ufito nitashika mimi."

"Huniamini?"

"Hata kidogo," akasema, akafungua mlango wa pikapu akaingia, "shemeji."