Salamu kwa Mshona Magunia

Gumba shingoni, bonyeza, tupa. Kitunguu chenye shingo ngumu kilikwenda kulia, kwenye rundo la kusafirishwa. Chenye shingo laini kilikwenda kushoto, hata kama ganda lake liling'aa namna gani. Laurencia alikuwa akifanya hivyo tangu asubuhi bila kutazama. Mikono yake ilikuwa na misimu kumi na moja ya vitunguu vya Mang'ola, kando ya ziwa, na saa tisa alasiri ya kila Alhamisi masikio yake yote yalikuwa kwenye redio iliyoning'inizwa kwenye nguzo.

Ilikuwa saa ya salamu na nyimbo za mapenzi. Wachambuaji wenzake walijua wasimsemeshe. Nyimbo za kuahidi hazikumgusa. Wanaume walioahidi nyota na majumba aliwaacha waimbe mpaka wachoke. Alipenda za kuomba. Hasa wimbo ule wa zamani wa mwanamume anayemwomba mpenzi wake asifunge mlango kwa komeo, aurudishie tu, kwa sababu bado yuko njiani. Sauti ya mwimbaji haikuwa nzuri. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetembea sana.

"Sasa tuna ujumbe kutoka Mang'ola," mtangazaji alisema. "Unatoka kwa Laurencia, mchambua vitunguu. Unamwendea Emmanueli, mshona magunia, huko huko Mang'ola. Jamani, msikilizeni huyu mama." Akakohoa, akasoma: "'Emma wangu, kila ukishona gunia natamani ungenishona mimi, unifunge ubavuni mwako. Usiku nalala ukutani ili ukija upate nafasi. Njoo kabla vitunguu havijaisha.'" Akacheka mpaka akaishiwa pumzi. "Emma, kazi kwako! Wimbo wenu huu hapa."

Kitunguu kilibaki mkononi mwa Laurencia.

Kicheko kilianzia kwa wapakiaji juu ya lori, kikashuka mpaka kwa wanawake waliokaa chini uwanjani. Mzee Qamara, mwenye masikio mazito, aliuliza kuna nini. Mtu akamtafsiria kwa Kiiraqw, neno kwa neno, na kicheko kikaanza upya, kikubwa kuliko cha kwanza.

Laurencia alimtazama Cresensia, mpwa wake. Binti alikuwa ameinamia rundo lake, mabega yakimtikisika.

Siku ya Jumanne Laurencia alikuwa amemwomba amwandikie salamu za redioni, kwa kuwa Cresensia alimaliza kidato cha nne na vidole vyake vilikuwa vyepesi kwenye simu. "Andika kwamba Laurencia anamsalimia kaka Emmanueli," alimwambia. "Anamshukuru kwa kivuli. Na anaomba ule wimbo wa mlango."

"Basi, shangazi?"

"Basi."

Emmanueli hakuwa na maneno mengi. Alitoka kijiji cha Endamarariek kama Laurencia, mgane wa miaka minne, na kila asubuhi alifunga turubai lake juu ya mahali pa kushonea. Tangu msimu wa mwaka juzi alilivuta mkono mmoja zaidi, kivuli kikafika anapokaa Laurencia. Hakueleza kwa nini, wala Laurencia hakumuuliza. Walikaa hivyo, hatua tano kati yao, Laurencia akichambua, Emmanueli akishona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, na kamba.

"Mzee Emma!" Silvanus, mpakiaji, alipiga kelele kutoka juu ya lori. "Mtu kakuachia nafasi kitandani, na wewe bado unashona?"

"Ampime kwanza!" mwingine akadakia. "Mama mwenyewe mrefu, atatoka miguu nje ya gunia!"

Emmanueli alisimama, shazia mkononi. Alikuwa na nafasi ya kutikisa kichwa tu na kukaa.

"Mimi nimefiwa na mke," Emmanueli alisema, kwa sauti ya kuwafikia walio juu ya lori. "Sijafiwa na macho."

Hapo hata waliokuwa wakijizuia waliachia. Silvanus alijigaragaza juu ya magunia. Mwanamke aliyekaa karibu na Laurencia, ambaye jana alikula naye ugali sahani moja, alijifunika uso kwa kanga, na kanga ikawa inatikisika. Josephati, msimamizi, akanyoosha mkono na kuongeza sauti ya redio.

Wimbo ulikuwa wa dakika nne. Laurencia aliujua wote: mahali gitaa linapoingia, mahali mwimbaji anapovuta pumzi kabla ya kuomba mara ya mwisho. Miaka yote aliuona mfupi. Sasa mwanamume yule aliomba na kuomba, na kila alipotaja mlango mtu alipiga mluzi. Yeye alichambua. Gumba shingoni, bonyeza, tupa. Machozi yalipomjia aliyarudisha, kwa sababu vitunguu vikavu havimlizi mtu, na kila aliyekuwa pale alijua hivyo.

Josephati aliokota kitunguu kutoka rundo la kulia, akakibonyeza, maji yakatoka. "Mama, hiki kimeoza! Mapenzi yameingia mpaka kwenye kidole?"

"Nitakitoa," alisema Laurencia.

Wimbo ulipoisha, Emmanueli alifungua kamba za turubai lake. Alilikunja, akalibeba pamoja na kigoda, akaenda kufunga upande wa pili wa uwanja, nyuma ya lori. Jua likamwangukia Laurencia mapajani, kisha kifuani, kisha usoni. Hakuna aliyemwambia asogee. Alikaa hapo mpaka upepo wa ziwani ulipoanza kuleta vumbi na Josephati akasema kazi imekwisha.

Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, alikwenda mferejini kunawa. Cresensia alimfuata, akasimama mbali kidogo.

"Shangazi."

Laurencia alisugua gumba lake kwa mchanga.

"Shangazi, nilikuwa natania. Nilijua watacheka kidogo tu, halafu yataisha. Na ujumbe mfupi yule mtangazaji hausomi, kweli tena. Yote nimetunga. Hata lile la ukutani nimetunga."

Nyumbani Endamarariek, godoro la Laurencia lilikuwa na bonde upande wa ukutani. Upande wa nje lilikuwa bado limevimba kama siku lililonunuliwa.

"Umetunga vizuri," alisema.

Cresensia akaanza kulia. Alikuwa bado analia Emmanueli alipotokea njiani na dumu lake. Alipowaona alitaka kugeuka, lakini binti alimkimbilia na kumshika mkono wa shati.

"Mzee Emma, ni mimi! Shangazi hakusema vile. Alisema salamu tu, na asante ya kivuli. Mengine niliweka mimi."

Emmanueli alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka dumu chini, akacheka kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe! Nikashangaa mimi. Nikasema, dada Laurencia, mtu mzima na heshima zake, anaweza kweli kuniaibisha hivi? Wewe binti utakuja kuua watu." Kwa mara ya kwanza tangu alasiri alimtazama Laurencia usoni. "Basi, dada, yameisha. Kesho asubuhi uwaambie wote, Josephati akiwepo, kwamba hukusema wewe. Nami nafunga turubai palepale pa siku zote."

"Nitawaambia mimi!" Cresensia alisema.

"Aseme mwenyewe. Akisema mwenyewe watanyamaza." Emmanueli aliinama, akatumbukiza dumu kwenye mfereji. "Au siyo, dada?"

Ilikuwa kazi ndogo. Angeitikia kwa kichwa tu. Kesho angekuwa kivulini, mwanamke wa sahani moja angemwomba radhi, Silvanus angetafuta mtu mwingine wa kumcheka, na Alhamisi ijayo redio ingeimba kama kawaida, hatua tano kati yake na shazia ya Emmanueli. Cresensia alimtazama kwa macho mekundu, akimsihi.

Laurencia alijifuta mikono kwa kanga, kidole kimoja kimoja.

"Emmanueli," alisema.

Hakuwahi kumwita bila kuanza na kaka. Emmanueli aliinua kichwa.

"Sitawaambia."

"Hutawaambia nini?"

"Kwamba si mimi. Maneno aliyaweka mtoto, lakini hakukosea hata moja. Nimekuwa hivyo tangu mwaka juzi."

Dumu lilikuwa limejaa, maji yakipita juu ya vidole vya Emmanueli, naye hakuliinua. Cresensia aliacha kulia.

"Sikutegemea uje," Laurencia alisema. Sauti yake ilitetemeka, na aliiacha itetemeke. "Najua nilivyo, kioo ninacho. Leo wimbo ulipoanza, nilikuomba kitu kimoja tu, kimoyomoyo. Nilikuomba usiseme neno. Ungeshona tu, Emmanueli. Ungeendelea kushona."