Jaribio la Kumi na Saba

…lakini kwenye mashine ya mdogo wangu kinajijenga, hapo ndipo akili yangu inapogoma, kinajijenga mwanzo mwisho bila hata kukohoa, na kwenye yangu kinakufa, na kwenye seva kinakufa, msimbo uleule, vifaa vilevile, nimevilinganisha kimoja kimoja mpaka macho yananiwasha, siku nne, siku nne nzima nagombana na kifurushi kimoja kidogo, na mdogo wangu huko aliko lazima ananicheka, dada mwalimu wa kompyuta, dada anayejua kila kitu, haya dada, jua na hili… saa tano na dakika kumi asubuhi, saa sita Bawabu anafunga mlango, jina lake halisi hata silijui, sote tunaojitolea kuitunza Linux yetu, mfumo wa kompyuta wa bure, tunamwita Bawabu kwa sababu ndiye anayeamua kipi kiingie kwenye toleo jipya na kipi kibaki nje, ameniandikia leo kwa heshima zake zote, "Dada, pole tena kwa msiba wa mdogo wako, lakini saa sita ni saa sita, kisichojijenga kinatoka," nami nikajibu sawa kaka, sawa, utadhani ananiarifu kwamba mvua inaweza kunyesha… "halo, halo, unanisikia?" huyo mama, yuko sebuleni anaongea na mama mdogo, mama akishika simu anapiga kelele mpaka unajiuliza simu ya nini, "usiku nimelala kidogo, afadhali, afadhali"… afadhali, ndiyo, miezi mitatu na sasa ndiyo anaanza kulala, na chai yangu ameileta tangu saa nne akaifunika na kisahani, na mimi sijaigusa… mama aliwahi kumuuliza mdogo wangu, hicho kifurushi unachokitunza ni nini hasa, mbona hatukioni, naye akamwambia ni programu tu mama, naifunga vizuri na kuandika pembeni inahitaji nini na nini ili ifanye kazi, mtu yeyote mwenye Linux yetu, popote alipo, akibonyeza inamfikia imekamilika, mama akasema kumbe mwanangu ni mfungaji mizigo, tukacheka, na jina likamganda, Mfungaji njoo ule, Mfungaji zima taa, miaka saba, na mzigo wenyewe ni programu inayowasomea wasioona yaliyo kwenye skrini, wako wengi wanaoitumia lakini mimi namjua mmoja tu, mpokea simu wa hospitali moja huko, haoni tangu kuzaliwa, alikuwa akimwandikia mdogo wangu malalamiko yaliyojaa adabu, "Fundi, leo programu yako imenisomea namba ya simu ya daktari milioni mia sita na arobaini, laki tano na ushee, na mgonjwa yuko mbele yangu analia," na mdogo wangu akaja nayo mezani, akasimama kabisa, akaigiza, milioni mia sita, laki tano, kwa sauti ileile ya puani ya mashine, mpaka mama akapaliwa na chai… ndipo akaweka kiraka, cha chapuchapu, namba zikaanza kusomwa tarakimu moja moja angalau siku nyingi, siku nyingine zinajisahau, nitakuja kuitengeneza vizuri, alisema, nikamwambia wewe na nitakuja, wewe na kesho, siku utakayomaliza kitu nitachinja kuku… Jumatano mpokea simu ameandika tena, barua zake siku hizi zinaingia kwangu, "Fundi, mbona kimya, nasikia kwenye toleo jipya haumo, mimi bila wewe kazini nitafanyaje," hajui, hakuna aliyemwambia, nimeisoma mara tatu na sijajibu hata neno moja…

…na saa ngapi sasa, nainua macho, mashine yake ndiyo iko karibu, naangalia kona ya juu, Jumanne… Jumanne? leo Jumamosi, mashine gani hii, nabonyeza ile saa na kalenda inafunguka, na mwaka uliomo ni mwaka ambao mdogo wangu alikuwa darasa la tatu… betri, ile ndogo ya ndani inayoshika saa, imekufa, miezi mitatu imekaa kwenye begi juu ya kabati bila umeme kwa sababu mama hakutaka iguswe, nimeiwasha juzi ikaamka haijui imelala kwa muda gani, ikaanza kuhesabu upya tangu kale, kwa hiyo kwenye mashine hii yeye ana miaka tisa, ana pengo mbele, anang'ang'ania kulala na mpira, na kwenye mashine hii kifurushi kinajijenga… mjinga mimi, mjinga, mjinga, ni tarehe, si kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, wala maktaba zake, ni tarehe… mwaka huu kila kitu kikivunjika tunasema kompaila mpya, vifurushi thelathini vimeanguka kwa ajili yake, basi na mimi nikafuata mkumbo, nikabadilisha hiki, nikaondoa kile, na seva ilikuwa inaniambia siku zote nne, kwa mstari mmoja, kati ya majaribio ambayo kifurushi hujipimia kikijijenga, jaribio la kumi na saba limeshindwa, maelezo soma kwenye faili lake, na nani hufungua faili la jaribio, mimi sikulifungua hata mara moja, nilikuwa kama fundi anayebomoa ukuta kutafuta bomba linalovuja na koki iko wazi jikoni… nalifungua sasa, ni fupi, mistari sita, kama leo imepita tarehe thelathini na moja ya mwezi wa kwanza mwaka huu, anguka, basi, hilo ndilo jaribio lote, alijitegea kengele mwenyewe, alijua hawezi kujiamini kwa hiyo akakiagiza kifurushi chake kigome siku hiyo kama yeye bado hajarudi kukitengeneza, Mfungaji wee, nani mwingine angefanya hivyo, na imepita wiki sita sasa, kimetii, kimegoma… nacheka, nacheka peke yangu na mkono mdomoni mama asisikie, maana nikicheka atakuja kuuliza, na nikianza kueleza nitalia… "hapana, hapana, hakuteseka," anamwambia mama mdogo, "wiki tano tu, ndiyo, wiki tano tangu wagundue"…

…na chini ya tarehe kuna maneno ambayo kinatakiwa kusema kikianguka, nayasoma, "Samahani kwa usumbufu. Tatizo liko mstari wa arobaini, ni dogo, usiogope. Kuna mpokea simu anakitegemea, tafadhali msikitupe"… msikitupe, anamwambia nani, kengele aliitega ya kujiamsha mwenyewe, mtu hajiombi samahani kwa usumbufu… nafungua historia, kwetu hakuna kinachopotea, kila badiliko linabaki na siku yake na saa yake na jina la aliyelifanya, naona alivyokuwa anaisogeza, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mwaka wa tatu, kila mwezi wa kwanza anaisukuma mbele mwaka mzima, kama yeye kabisa, na maneno yalikuwa mengine, "Amka mvivu wewe, tarehe imefika, acha visingizio," miaka yote mitatu ni hayohayo, amka mvivu wewe, halafu kuna badiliko la mwisho, katikati ya mwaka, si msimu wake, tarehe yenyewe hakuigusa, aligusa maneno tu, akamfuta mvivu akaweka samahani, tarehe kumi na nne mwezi wa sita, saa moja na robo jioni… kumi na nne mwezi wa sita… naijua siku hiyo, wanafunzi wangu walikuwa na mtihani wa mchana na nilichelewa kuusimamia kwa ajili yake, nilimpeleka hospitali na gari, nikamsubiri kwenye maegesho na madirisha wazi, kwa muda wa saa moja na nusu, nikipiga vidole kwenye usukani, akatoka na soda mbili mkononi, akanipa moja kupitia dirishani, "Vidonda vya tumbo tu dada, wamesema nisiwe na mawazo," nikamwambia saa moja na nusu kwa vidonda vya tumbo, wewe unapenda kudekezwa… nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu, naye akacheka, akafunga mkanda, akasema "Kweli dada, napenda," tulipofika kwenye taa za barabarani akasema, "Ukipata nafasi tukae siku moja nikuonyeshe kile kifurushi changu, ni kidogo tu, nusu saa inatosha," nikamwambia baadaye, nina mitihani ya kusahihisha, baadaye, na yeye ambaye nilikuwa namsimanga kwa kuahirisha hakuniomba tena… nikamshusha nyumbani nikakimbilia mtihani, naye jioni ile akaingia chumbani, akafungua mashine hii, saa moja na robo akafuta mvivu…

…alijua. Alijua, hata kabla ya soda, akiwa amesimama kwenye foleni ya kuzinunua alijua, hatukuambiwa sisi mpaka mwezi wa kumi na moja alipoanguka bafuni, na daktari akatuangalia kwa mshangao akidhani tunajua, nikadhani daktari ndiye aliyechanganya mafaili… kuanzia mwezi wa sita, akila na sisi, akimtania mama, usiku kikohozi chake nakisikia kupitia ukuta huu huu nagonga ukuta nasema wewe, wengine tunalala, na yeye upande wa pili peke yake na jambo lile, angeniambia, mbona hakuniambia, ningefanya nini, sijui, ningekaa naye, hilo tu, ningemwambia sogea nikae… "alau hakujua," mama anasema, hayo hapo, maneno yake ya kila siku, kwa wageni, kwa jirani, kwa mwenye duka, "Mungu alimficha mwanangu, hakupata muda wa kuogopa, hilo peke yake ndilo linalonipa usingizi, alau hakujua"… na mimi nimeshavuta kiti nyuma, nimesimama nusu, miguu inataka kwenda sebuleni, mama njoo uone, alijua, alitudanganya wote, mwanao alikuwa na moyo ambao hatukuujua, si haki asifiwe kwa kutojua wakati aliubeba mzigo wote ule, aliubeba peke yake na bado siku ileile akamkumbuka mpokea simu ambaye hawajawahi kuonana… na nitamwambia kisha atafanya nini nalo, mama yangu, usiku, kitandani, ataanza kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja kama nilivyofanya mimi sasa hivi, kila sahani aliyomwekea, kila mara aliyomgombeza, mimi ni dakika tano tu na tayari sipumui vizuri, na yeye ana umri gani… nakaa. Nakivuta kiti taratibu kisipige kelele. Mstari wa arobaini, alisema ni dogo, na kweli ni dogo, aibu tupu, mistari kumi na moja naandika na machozi yanadondoka kwenye kibodi nafuta kwa kiwiko, nusu saa ingetosha kweli, siku ile ya mwezi wa sita na soda mezani nusu saa ingetosha tukamaliza, na chenyewe hakihitaji tena kengele, naifuta tarehe, nayafuta na yale maneno, yatabaki kwenye historia kwa atakayetaka kuchimba, mama hatachimba… saa tano na dakika arobaini, nabonyeza, kinaanza kujijenga, mistari inapanda, na wakati inapanda kuna kisanduku kinachonisubiri niandike sababu, Bawabu hapokei kitu bila sababu, ilivunjikaje, imetengenezwaje, kwa ufupi, itasomwa na yeyote anayetaka kusoma, naandika, tarehe ya jaribio ilikuwa imepita, naisoma tena, si uongo, kila neno ni kweli… mpokea simu nitamwandikia leoleo, yeye nitamweleza yote, mtu mmoja angalau ajue jinsi alivyofikiriwa, jaribio la tatu limepita, la nne, la tano… "mwanangu," mama yuko mlangoni, simu ameibana kifuani, anaangalia kikombe, "chai hujanywa, imepoa, hebu kunywa. Na hicho kitu cha mdogo wako, umepata kilichokuwa kinakisumbua?" nimepata mama, "kilikuwa na nini?" naangalia skrini ya mashine yake, Jumanne, ana miaka tisa, tarehe tu mama, alijiwekea tarehe ya kujikumbusha akitengeneze, ikapita… na mama akacheka, kidogo tu, puani, lakini ni kicheko, sijakisikia tangu tumzike, "Mfungaji huyo, tangu mdogo kichwa chake hakishiki kitu," akaipandisha simu sikioni, "umesikia, kumbe ni yuleyule, alisahau," kisha akanigeukia mimi, bado anatabasamu, akisubiri, "si alisahau?" jaribio la kumi na tano, la kumi na sita… ndiyo mama, nikasema, alisahau tu.