Mbuzi wa Kupiga Picha ya Ubongo

Siku Bichiok alipoanguka mara ya tatu dukani kwa Kaltun, pale Kakuma, baba yake, Ekal, alichinja beberu mwekundu, akatandaza matumbo juu ya ngozi, akachuchumaa kuyasoma. Kwa miaka thelathini alikuwa amesoma humo mvua, wezi wa mifugo na ndoa zisizo na heri. Safari hii matumbo yalionyesha ubongo wa binti yake, mweusi kwa mweupe, umekatwa vipande ishirini na vinne, na pembeni pameandikwa jina na tarehe. Ekal hakujua kusoma maandishi, jambo lililomuudhi, maana mbuzi alikuwa wake. Kaltun ndiye aliyemsomea.

Waliyatia matumbo kwenye beseni, baba na binti wakashuka Lodwar. Hospitalini, Daktari Odongo aliyatundika kwenye kioo chenye taa, akaona uvimbe wa ukubwa wa kokwa ya tende nyuma ya macho. Alisema picha ni nzuri, ila angependa nyingine yenye dawa ya rangi, ili mipaka ya uvimbe ijitokeze. Basi mbuzi wa pili alilala bila kula, akadungwa dawa mguuni, na muuguzi Chepngetich akauliza kama mnyama ana chuma chochote mwilini. Ekal akamvua kengele.

Kikwazo kilikuwa Eldoret. Mpasuaji wa huko alisema uvimbe unaweza kutolewa, mradi iwe mwezi huu, kabla haujala macho. Lakini fomu ya kumpokea mgonjwa huko ilidai namba ya mashine iliyopiga picha, na mbuzi hana namba.

"Kwani nyinyi hapana mashine?" Ekal alimuuliza Odongo.

"Mashine iko, mzee. Ile sanduku kubwa hapo nyuma. Inangoja mgeni rasmi akate utepe."

"Mimi niko na kisu."

Odongo alikitazama kile kisu kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa, kisha akasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mgeni aliahirisha mara nne. Hospitali haikukaa bure: ilibandika tangazo langoni kwamba wagonjwa wa kichwa waje na mbuzi wao, asiye na chakula tumboni wala kengele shingoni. Watu walitoka Kaikor na Lokiriama. Ekal alipewa koti jeupe, nalo lilimpendeza, akajichukia kwa kupendezwa, kwa sababu kila mbuzi aliyemchinjia Bichiok alionyesha uvimbe umeongezeka.

Hatimaye mgeni alifika na magari kumi na moja. Alipelekwa moja kwa moja kwenye banda la mbuzi, akakata utepe, akasifu ubunifu wa wenyeji. Sanduku la mashine lilikuwa limewekewa spika juu yake.

Watu walipiga makofi. Bichiok, ambaye sasa alikuwa haoni kabisa, alipapasa mpaka akaupata mkono wa koti.

"Baba, wanapigia nani?"

"Mbuzi, mama," Ekal alisema, akampangusa vumbi usoni.