Nyaya za Shemeji

Jean-Baptiste alijulikana kwao Bukavu, Kongo, kwa jina la Fundi Courant, yaani fundi wa umeme, na jina hilo alifika nalo Kentucky likiwa zima, ingawa kazi yake huku ilikuwa kupanga maboksi ghalani. Kule mtaani kwao umeme ulikuja saa chache kwa siku, tena ukiwa umechoka. Mtu aliyejua kusokota nyaya mbili, kuzizungushia kipande cha sachet, ile mifuko ya plastiki, na kukiyeyusha kwa kiberiti, alionekana bingwa. Fyuzi ikiungua, aliweka uzi wa shaba mahali pake, taa ikawaka, watu wakapiga makofi. Mwaka 2015 alinunua gari-nyumba kuukuu, lenye jiko, friji na kitanda nyuma, akalirekebisha nyaya zake zote namna ileile, uani kwake Shively, karibu na Louisville.

Kavugho, mjane wa mdogo wake Aganze, aliomba mara mbili aruhusiwe kuzikagua. Mwaka wa pili sasa alikuwa akiunganisha nyaya za magari katika kiwanda kimoja cha Louisville, na kila kiungo alichokibana ilikuwa lazima akivute kwa nguvu kabla ya kukipitisha. Mara zote mbili shemeji yake alimwambia akakaange sambusa za safari. Alizikaanga. Lakini chini ya bakuli la sambusa aliweka koleo yake, fyuzi na vifaa vyake vingine, wala hakumwambia mtu.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Buffalo, kwenye harusi ya Bulonza, binti wa pekee wa Kavugho. Kwa kuwa Aganze alikuwa amefariki, kaka yake ndiye angemkabidhi bibi harusi mbele ya kanisa. Bulonza alikuwa ameomba jambo moja tu: asisimame pale kama mtoto asiye na wa kumtoa. Kwa ajili ya hilo Kavugho alikuwa amemeza maneno mengi mwaka mzima.

Waliondoka Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi: Jean-Baptiste kwenye usukani, Kavugho na wanakwaya wanne kwenye viti, na Bibi Nshombo, mama yake Jean-Baptiste, akiwa amelala kitandani nyuma kwa sababu ya mgongo. Walipokaribia Columbus, taa ya dari ilianza kupepesa. Kisha Kavugho akasikia harufu ya plastiki inayoungua.

"Shemeji, simamisha gari. Kuko kitu inaungua."

"Bon, ni vumbi ya moteur. Kaa."

"Mama iko analala kule nyuma! Simamisha!"

Alisimamisha kwenye uwanja wa kituo cha mafuta, akinuna. Kavugho alimteremsha mkwewe kwanza, akamkalisha kivulini, akawaamuru wanakwaya nao washuke. Halafu akarudi ndani, akauchomoa ufunguo wa gari mahali pake, akautia mfukoni mwa kitenge.

Jean-Baptiste alimfuata hadi mlangoni. "Kavugho, mimi minafanya kazi ya courant tangu haujaolewa. Ukigusa waya yangu moja, donc kesho mutoto utamutoa weye mwenyewe. Mimi nitakaa kwa kiti kama mugeni."

Wanakwaya waliinamisha macho. Kavugho alimfahamu: mtu huyu akisema, ndiyo imetoka. Aliuona uso wa Bulonza. Kisha akaliangalia godoro la mkwewe, na hasira ikampanda mpaka masikioni.

"Basi utakaa," alisema.

Akaanza na betri. Alilegeza nati ya upande wa hasi, akauondoa waya wake na kuusogeza mbali, ili pasiwe na umeme popote atakapotia mkono. Akainua godoro na kufungua ubao. Pale pale chini ya mgongo wa bibi, waya wa friji ulipita kwenye tundu la bati lisilo na mpira, na bati lilikuwa limeula hadi kwenye shaba. Kando yake kilikuwepo kiungo cha sachet, kimekuwa cheusi, na sachet imeyeyukia kwenye mbao. Mahali pa fyuzi palikuwa na uzi wa shaba. Fyuzi ingekatika na kuwaokoa. Uzi ule haukatiki. Wenyewe ulikuwa tayari kulichoma gari zima. Betri hii si umeme wa Bukavu, haichoki mapema.

Kavugho hakupiga kelele. Alikata waya hadi kwenye shaba safi, akaingiza ncha mbili katika kijibomba cha shaba, akakibana kwa koleo, akakifunika kwa mpira unaosinyaa ukipashwa moto. Kwenye tundu alivisha pete ya mpira. Aliweka fyuzi inayolingana na unene wa waya, karibu na betri. Kisha akafuata kiungo kingine, na kingine, kumi na moja kwa jumla, mpaka saa nane mchana.

Alipomaliza alimwita shemeji yake. "Vuta."

Jean-Baptiste alivuta kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, mishipa ya shingo ikamtoka. Kiungo hakikutikisika. Kavugho akampa kipande alichokikata, chenye sachet. Hicho kilimwachia mkononi kabla hata hajakaza. Alikitupa chini, akaomba ufunguo wake, akaendesha hadi Buffalo.

Jioni, katika nyumba ya wakwe zake huko Riverside, mtaa mmoja wa Buffalo, Bulonza alisikia habari yote akaangua kilio. Kavugho alimwacha alie. Mwishowe binti akapangusa uso.

"Koko alikuwa amelala wapi?" aliuliza habari za bibi yake.

"Juu ya ile waya kabisa."

"Basi utanitoa weye, Mama."

Kesho yake kanisa la Lower West Side lilijaa. Jean-Baptiste alikuwa ameketi safu ya pili, suti imepigwa pasi, mikono kifuani, mtu wa neno lake. Mchungaji aliuliza ni nani anayemtoa binti huyu. Watu waligeuka kumtazama Jean-Baptiste. Naye akatazama dari.

Kavugho, aliyesimama kando ya Bulonza, alipiga hatua moja mbele, kidole gumba chake bado cheusi kwa masizi ya jana.

"Mimi," alisema, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Mama yake."

Wazee wawili walianza kunong'onezana. Ndipo katika safu ya pili, ubavuni mwa Jean-Baptiste, Bibi Nshombo akashika bega la mwanawe, akalikandamiza ili apate kusimama na mgongo wake mbovu, akapiga kigelegele cha kwanza.