Ua la Ngitili ya Ngosha

Wino ndio uliniaibisha miaka ishirini na minne. Nikiwa mgeni kazini, nilichuma mmea mmoja wenye ua dogo la zambarau kwenye ardhi nyeupe ya jasi, mahali fulani kati ya Misungwi na Kigongo. Tukiwa kwenye kivuko mvua ikatupiga, na lebo niliyoiandika kwa kalamu ya wino ikafutika yote. Tangu hapo ua langu limelala kabatini Mwanza, tunakohifadhi mimea iliyokaushwa, na chini yake pameandikwa: "Mahali hapajulikani." Mmea usiojulikana ulikotoka ni majani makavu tu, hauna kazi. Na mimi, Amondi Odoyo, nastaafu Ijumaa.

Jumatatu akanipigia Ngosha, mfugaji wa Misungwi niliyemwachia picha ya ua mwaka jana. "Mama, ua lako lipo kwenye ngitili yangu. Ila kesho naifungua."

Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga masika yote, ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Ikishafunguliwa, hakibaki kitu. Asubuhi na mapema nilikuwa langoni kwake.

"Nipe saa moja tu, Ngosha!"

"Ng'ombe tisini wana njaa, halafu wewe Mjaluo unataka wasubiri maua?" Alicheka, lakini akawazuia.

Nilipopaona tu, nikapajua, ni pale pale nilipochuma zamani: mawe mawili yaliyobebana, na chini yake udongo mweupe. Nikapiga magoti. Yapo! Nikahesabu, matatu. Nikazunguka tena, matatu yale yale.

Jamani, nilitaka kulia. Mimea ikiwa michache hivyo hatung'oi, na sampuli bila mzizi ni nusu sampuli. Nikashika kijembe, nikakiweka chini, nikakishika tena. Nani angejua? Ningejua mimi. Basi, nikaamua nitakata tawi moja, nife na nusu yangu.

Nageuka kuchukua mkasi, nasikia kitu kinang'oka. Ng'ombe mmoja mwekundu alikuwa amepenya uzio, naye yuko nyuma yangu, ua linaning'inia mdomoni, mzizi na yote.

"Achia, mshenzi wee!" Nikamrukia. Na umri wangu huu, nikavutana na ng'ombe! Ngosha akaja mbio, akambana pua, nikalichomoa. Mate tele, jani moja limetafunwa, lakini ua, shina na mzizi vizima kabisa. Nikakaa chini nikacheka mpaka machozi.

Nikalifuta, nikalilaza katikati ya magazeti, nikalibana kwa vibao viwili na mkanda. Ngosha, bila kuombwa, akakata miiba na kuyazungushia yale maua mawili yaliyobaki.

"Sasa andika ukweli," akasema akichungulia lebo. "Aliyechuma ni Princess."

"Princess ndiye nani?"

"Huyo ng'ombe. Mjukuu wangu ndiye kampa jina."

Nikaandika: mahali, ngitili ya Ngosha, Misungwi, kwenye jasi. Mchumaji, Princess, ng'ombe. Aliyempokonya, Amondi Odoyo. Wakubwa wangu watanuna, na wanune tu.

Ijumaa, kabla ya kukabidhi funguo, nikalitoa kabatini lile ua langu la zamani. Nikayakata kwa mstari maneno yale mawili ya aibu, na pembeni nikaandika kwao ni wapi. Kwa penseli.